Mtoto wa Shule Hushiba, Lakini Je, Amelishwa?

Katika sehemu nyingi za Kenya mtoto wa darasa la kwanza huondoka nyumbani kwao kabla jua halijapanda, akiwa amekunywa kikombe cha chai, na pengine amekula kipande cha kiazi kitamu kilichobaki tangu jana. Hutembea maili moja au mbili, na wengine zaidi, akaingia darasani, akafundishwa kusoma na hesabu. Ifikapo saa nne chai ile imekwisha kazi yake. Mwalimu humwona amelaza kichwa juu ya dawati, au anatazama dirishani hali wenzake wanaitikia, naye humdhania kuwa ni mvivu au mjinga. Mara nyingi mtoto huyo si mvivu wala si mjinga. Ana njaa.

Hiyo ni njaa iliyo wazi, na kila mzazi anaijua. Lakini iko njaa nyingine, ambayo ni vigumu zaidi kuitambua kwa kuwa hailalamiki. Mtoto amekula ugali hata tumbo limejaa, analala vizuri, haombi chakula. Na huku mifupa yake, misuli yake, damu yake na ubongo wake havikupata vitu vinavyohitaji. Hukua polepole, huugua mara kwa mara, na huchoka upesi katika michezo. Na ikiwa watoto wote wa kijiji wako katika hali hiyo, hapana atakayeona kuwa yeye ni mfupi, maana atalinganishwa na wengine waliodumaa kama yeye. Wataalamu huiita njaa iliyofichika, nalo ni jina linaloifaa sana.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1931 ilitolewa taarifa iliyozua maneno mengi miongoni mwa matabibu na watawala. Iliandikwa na John Boyd Orr, bingwa wa mambo ya chakula kutoka Aberdeen katika Scotland, pamoja na J. L. Gilks, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Afya ya Kenya. Mabwana hao waliwalinganisha Wamasai, ambao chakula chao kikubwa kilikuwa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, ambao walikula zaidi nafaka, viazi, ndizi na kunde. Waliona kwamba mwanamume wa Kimasai, kwa wastani, alimzidi mwanamume wa Kikikuyu kwa inchi 5 za kimo na ratli 23 za uzito. Waliona pia kuwa kila upande ulikuwa na maradhi yake, na kwamba wanawake wa Kikikuyu walikula mboga za majani kwa wingi kuliko waume zao.

Taarifa hiyo haikukosa kasoro, na wanahistoria waliokuja baadaye wamezieleza. Watu wa makabila mawili yenye asili mbalimbali hawawezi kupimwa kama kwamba chakula ndicho kitu pekee kinachowatenga. Tena Wamasai na Wakikuyu walikuwa wakibadilishana vyakula tangu zamani, nafaka kwa mifugo, hata njaa ilipoingia upande mmoja upande wa pili ukawa kimbilio. Kuwafanya kuwa walaji wa majani na walaji wa nyama, wasiokutana kamwe, kulirahisisha mno mambo. Hata hivyo swali lililoulizwa lilikuwa swali jema: mtoto akiongezewa chakula cha namna fulani, mwili wake utabadilika kiasi gani? Boyd Orr alikuwa amekwisha kulijaribu kwao. Mwaka 1927 watoto wa shule za Scotland walipewa maziwa kila siku kwa muda wa miezi saba, na walionekana kukua kwa kimo na uzito karibu sehemu moja katika tano zaidi ya wenzao wasiopewa. Uingereza ilifika kuwapa watoto wote wa shule maziwa bila malipo mwaka 1946. Naye Boyd Orr aliteuliwa mwaka 1945 kuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Wimbi likatoka, chai ikaingia

Mtu akiwauliza wazee wa bara walikula nini walipokuwa wadogo, aghalabu atasikia habari za uji wa wimbi na wa mtama, viazi vikuu, kunde, mbaazi, maziwa ya kuganda, na mboga ambazo hakuna aliyezipanda: mchicha, mnavu, mgagani, majani ya kunde. Watoto waliochunga mbuzi walikula matunda ya mwituni mchana kutwa. Kwa Wajaluo na Waluhya kulikuwa na dagaa na kumbikumbi. Si kwamba zamani hizo hapakuwa na njaa; ilikuwapo, na iliua. Lakini katika mwaka wa mvua njema sahani ya mtoto ilikuwa na rangi nyingi.

Mahindi meupe yalienea kwa sababu zilizo wazi. Ndege hawayali kama wanavyoula mtama, kazi yake shambani ni nyepesi kuliko ya wimbi, na yana soko. Hapana ubaya katika mahindi yenyewe. Ubaya ulikuja pale yalipochukua nafasi ya kila kitu, na hasa watu walipoanza kupenda unga mweupe wa kiwandani, uliokobolewa hata kiini na ganda vikatoka. Unga unaosagwa kijijini kwa mashine ya posho, pamoja na ganda lake, una chakula zaidi kuliko ule mweupe unaouzwa katika pakiti nzuri kwa bei kubwa. Serikali ya Kenya iliona hasara hiyo, na tangu mwaka 2012 sheria imewataka wenye viwanda warudishe katika unga baadhi ya vitu vilivyopotea, kama vile madini ya chuma na vitamini. Hata hivyo mzazi anayelipa fedha zaidi ili apate unga uliopunguzwa nguvu angefaa kujiuliza ananunua nini hasa. Ananunua weupe.

Uji wa wimbi unastahili kutajwa peke yake. Nafaka chache sana ulimwenguni zina chokaa nyingi ya kujenga mifupa kama wimbi. Gramu 100 zake huwa na zaidi ya miligramu 300, kiasi kinachoyashinda mahindi mara nyingi. Bibi waliompa mama mzazi na mtoto mdogo uji huo hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na macho.

Kisha ikaja chai. Kikombe cha chai yenye maziwa mengi ni kinywaji, na yale maziwa ni chakula. Lakini katika nyumba nyingi maziwa yote huchukuliwa asubuhi na lori la chama cha ushirika, na mtoto hunywa chai ya mkandaa yenye sukari. Sukari humpa nguvu za saa moja. Na katika majani ya chai mna kitu kinachozuia mwili usiyapate madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga za majani, ikiwa vitu hivyo vinaliwa pamoja na chai. Mtoto anayekula maharagwe na kuteremshia kwa chai huipoteza sehemu kubwa ya faida aliyoifuata katika maharagwe. Dawa yake haigharimu senti: achelewe kuinywa kwa muda wa saa moja au mbili, na pamoja na chakula ale chungwa, pera, au kipande cha papai, kwa maana matunda ya namna hiyo hufanya kinyume cha chai, huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma.

Sifa za githeri

Wakikuyu huita githeri, Wakamba wana isyo, na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa. Wajaluo husema nyoyo, na Waswahili huita pure. Vijana wa mjini wameanza kukidharau, wakisema ni chakula cha shule na cha gerezani. Elimu ya chakula haikubaliani nao. Mahindi yana upungufu wa baadhi ya vitu vinavyojenga protini za mwili, na vitu hivyo ndivyo vilivyo tele katika maharagwe. Na kile kinachopungua katika maharagwe kimo katika mahindi. Vikitiwa katika chungu kimoja, kila kimoja humlipia mwenzake deni. Wazee walioviunganisha walifanya hivyo kwa uzoefu wa miaka mingi, na wataalamu walipokuja na mizani zao walikuta kazi imekwisha kufanyika.

Lakini je, githeri yatosha? Swali hili lilijibiwa nchini Kenya kwenyewe, kwa uchunguzi ambao umesomwa ulimwenguni kote, na ambao wazazi wengi wa Kenya hawajapata kuusikia.

Uchunguzi huo ulifanyika katika tarafa ya Kyeni, wilaya ya Embu, kuanzia mwaka 1998. Walioongoza walikuwa Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, tabibu wa watoto, na Profesa Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Zilichaguliwa shule 12 za msingi, zikagawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne, shule tatu kila kundi. Waliolishwa na kupimwa walikuwa watoto wa darasa la kwanza, wapatao mia tano na zaidi. Katika kundi la kwanza kila mtoto alipewa githeri iliyotiwa nyama ya ng'ombe ya kusaga. Kundi la pili walipewa githeri na kikombe cha maziwa. Kundi la tatu walipewa githeri iliyoongezwa mafuta, hata nguvu yake ikalingana na ile ya makundi mawili ya kwanza. Kundi la nne hawakupewa kitu, bali walipimwa tu kama wengine. Chakula kilitolewa katikati ya asubuhi, kila siku ya shule, kwa muda wa mihula saba.

Ni vyema kufahamu uzuri wa mpango huo. Makundi matatu yaliyolishwa yalipata nguvu iliyo sawa. Basi kama shida ya watoto wa Embu ingalikuwa ni tumbo tupu tu, makundi yote matatu yangalifaidika sawasawa. Haikuwa hivyo.

Watoto wote waliolishwa waliongezeka uzito kuliko wale wasiolishwa. Lakini misuli ya mikono iliongezeka zaidi kwa waliokula nyama, wakifuatwa na waliokunywa maziwa. Maziwa nayo yalionyesha faida yake katika kimo, hasa kwa wale watoto wadogo na wale waliokuwa wamedumaa tangu mwanzo. Upungufu wa vitamini B12, ambayo haimo katika mimea hata kidogo, ulipungua kwa waliokula nyama na waliokunywa maziwa, ukabaki vilevile kwa waliokula githeri yenye mafuta. Damu ya watoto haikuongezeka kama ilivyotarajiwa, na malaria iliyoko sehemu zile ilitajwa kuwa ni sababu mojawapo.

Jambo lililowashangaza wengi lilikuwa la akili. Watoto walipewa mtihani wa mafumbo ya picha, ambao haumtaki mtoto awe amesoma vitabu bali humtaka atambue jinsi mambo yanavyofuatana. Waliokula nyama waliyapita makundi yote mengine matatu. Katika hesabu, waliokula nyama na waliokula githeri yenye mafuta waliwashinda wasiolishwa. Wachunguzi walikwenda hata uwanjani wakati wa mapumziko, wakaandika kila mtoto anafanya nini. Wale wa kundi la nyama walikuwa wakikimbia zaidi, wakianzisha michezo wao wenyewe na kuwaongoza wenzao. Wengine walikuwa wakisimama kando au kuketi. Mzazi anayedhani kuwa uchangamfu wa mtoto ni tabia aliyozaliwa nayo tu angefaa kuyafikiri matokeo hayo.

Kwa nini maziwa hayakufanya kazi ya nyama katika mtihani ule? Maelezo yanayotolewa ni kwamba nyama ina madini ya chuma na zinki ambayo mwili huyapokea kwa urahisi, tena huusaidia mwili kuyapokea yale yaliyomo katika mahindi na maharagwe. Hali maziwa yana chokaa nyingi, na chokaa huzuia kidogo madini hayo. Maziwa hujenga mifupa. Nyama hufanya kazi nyingine. Si haki kumlaumu ng'ombe wa maziwa kwa kuwa si ng'ombe wa nyama.

Jambo moja zaidi lilionekana Embu, nalo halipendezi. Katika baadhi ya makundi, mtoto alipoanza kulishwa shuleni, chakula chake cha nyumbani kilipungua. Hapana haja ya kuwadhania wazazi hao ubaya. Katika miaka hiyo ya 1999 na 2000 nchi ilipatwa na ukame, na mama mwenye watoto watano na sufuria moja atamgawia kwanza yule ambaye hakula mchana. Lakini mwenye kupanga chakula cha shule hana budi kulikumbuka. Kinachotiwa katika sahani ya shule sicho chote kitakachoongezeka mwilini mwa mtoto.

Uchunguzi ulipokwisha, jamaa za watoto wa kundi la nne, ambao walipimwa muda wote ule bila kuonja kitu, walipewa mbuzi wa maziwa.

Maziwa ya Nyayo na magunia ya msaada

Serikali nayo ilikuwa imekwisha kujaribu kwa njia yake. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi aliamuru kwamba watoto wote wa shule za msingi wapewe maziwa bila malipo. Yalikuja katika pakiti za pembe tatu za mililita 200, na watu wazima wengi wa leo bado wanakumbuka jinsi walivyoling'ata pembe la pakiti lile. Yaliitwa maziwa ya Nyayo. Mwaka huohuo, karo zilizobaki zikiwa zimeondolewa, hesabu ya watoto wa shule za msingi ilipanda kutoka karibu milioni 3 hadi karibu milioni 3.7. Haiwezekani kusema ni wangapi walivutwa na maziwa na wangapi na kuondolewa kwa karo, lakini walimu wa siku hizo hawakuwa na shaka kuwa siku ya maziwa madarasa yalijaa. Mpango huo ulikuwa mkubwa kuliko fedha zilizokuwapo. Barabara mbovu, madeni ya kiwanda cha maziwa na hali ngumu ya uchumi viliudhoofisha, nao ukafa katika miaka ya 1990.

Kwa upande wa sehemu kame, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kulisha watoto wa shule mwaka 1980, na kwa miaka karibu arobaini magunia yake yalionekana Turkana, Mandera, Garissa na kwingineko, na baadaye katika mitaa maskini ya Nairobi. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wake yenyewe, ambao shule zilipewa fedha zinunue chakula kwa wakulima na wafanyabiashara wa karibu. Mwaka 2018 shirika lile lilikabidhi kwa serikali shule zake zote zilizobaki. Mpango wa kununua karibu una busara: fedha hubaki wilayani, na mkulima wa maharagwe humlisha mtoto wa jirani yake. Lakini una udhaifu mmoja ambao gunia la msaada halikuwa nao. Fedha zikichelewa kutoka Nairobi, chungu hakiwekwi motoni, wala mtoto wa Turkana hawezi kuambiwa asubiri muhula ujao. Na mwaka 2020, shule zote zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya maradhi ya korona, watoto wengi walipoteza pamoja na masomo kile chakula kimoja walichokuwa na hakika nacho. Wengi hawakurudi madarasani mpaka Januari 2021.

Chungu cha watoto mia nne

Mara nyingi halmashauri za shule huogopa kuanza kulisha watoto kwa kudhani kuwa hesabu yake haielekei. Yafaa ipigwe. Kipimo kilichotumika kwa miaka mingi katika shule za Kenya kilikuwa gramu 150 za mahindi kwa mtoto kila siku, gramu 40 za maharagwe au mbaazi, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Shule yenye watoto 400 itahitaji basi kilo 60 za mahindi kwa siku, yaani thuluthi mbili za gunia la kilo 90, na kilo 16 za maharagwe, na kilo 2 za mafuta. Kuni ni hesabu nyingine, na mara nyingi ndiyo inayosahauliwa. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva kwa kuni chache zaidi, na hayawasumbui watoto tumboni kama yale yaliyotiwa chunguni yakiwa makavu.

Tukio la mwaka 2004 latosha kuonyesha kuwa ghala la mahindi si jambo la kuchezewa. Mwaka huo, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu wenye sumu, baada ya kuvunwa na kuwekwa kabla hayajakauka. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Shule inayopokea mahindi ya wazazi, debe moja moja kutoka kila nyumba, haina budi kuyakagua yote, na kuyakataa yaliyo na unyevu au rangi ya kijani, hata kama aliyeyaleta ni mjumbe wa halmashauri.

Tena chakula chema huweza kuliwa na asiyeitwa. Minyoo hupunguza faida ya sahani yoyote, na mtoto mwenye minyoo mingi hukosa shule mara kwa mara. Katika wilaya ya Busia, uchunguzi uliofanywa kuanzia mwaka 1998 katika shule 75 ulionyesha kwamba kuwapa watoto dawa za minyoo kulipunguza utoro kwa robo nzima. Michael Kremer, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, ni miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Kidonge chenyewe ni cha bei ndogo. Pamoja nacho panatakiwa choo, na maji, na sabuni karibu na mahali pa kulia.

Mjini shida ni nyingine. Mtoto wa Nairobi au Mombasa huenda akapewa shilingi chache za kununua chakula, naye huzinunulia kachiri, mabuyu yaliyotiwa rangi nyekundu, peremende na soda. Mama anayeuza vitu hivyo mlangoni mwa shule hapaswi kulaumiwa kuliko shule isiyo na jiko. Angekuwa anauza ndizi, njugu na mayai ya kuchemsha kama kungekuwa na wanunuzi. Mwaka 2023 serikali ya kaunti ya Nairobi, ikishirikiana na shirika la Food4Education lililoanzishwa na Bi. Wawira Njiru mwaka 2012, ilifungua majiko makubwa ya kupikia shule za msingi za umma. Sehemu ya mzazi ilikuwa shilingi 5 kwa sahani. Bei hiyo ni ndogo kuliko ya soda.

Nani hupakuliwa kwanza

Yapo mambo ya chakula ambayo serikali haiwezi kuyafikia, kwa kuwa hufanyika usiku, jikoni. Katika nyumba nyingi nyama ikipikwa, baba na wageni hupewa vipande, na watoto hupewa mchuzi. Mchuzi una ladha nzuri na chakula kidogo. Zamani, katika sehemu za magharibi, wanawake na wasichana walikatazwa kula kuku na mayai; miiko hiyo imekwisha karibu kabisa, lakini desturi ya kumweka mtoto mwisho imebaki. Vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilifundisha upishi na malezi ya watoto katika vijiji vingi, na mafunzo yake mengi bado ni ya kweli. Kilichokuwa kigumu siku hizo, na ambacho ni kigumu hata leo, ni kumfundisha baba.

Tena mayai huuzwa ili sukari inunuliwe, na maziwa huuzwa ili mkate ununuliwe. Mkulima hufanya hesabu ya fedha, nayo hutoka sawa. Hesabu ya chakula hutoka na hasara. Si lazima aache kuuza. Nusu kikombe cha maziwa kwa kila mtoto, kikitolewa kabla ya chombo kupelekwa barabarani, hakivunji biashara ya mtu.

Nyama yenyewe ni ghali. Ile gramu 60 iliyotolewa Embu mwanzoni, kwa shule ya watoto 400, ni kilo 24 kila siku, na hakuna halmashauri ya wazazi itakayoweza kuzilipia. Lakini mwili wa mtoto haudai sirloini. Maini ni bora kuliko nyama laini, na bei yake si kubwa kwa kiasi kidogo kinachotakiwa. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao wengi huwaita omena, huliwa wazima pamoja na mifupa yao, basi hutoa protini, chokaa na ile vitamini B12 ambayo githeri haina; wakikaushwa vizuri na kusagwa huweza kutiwa katika uji au katika mchuzi wa mboga bila watoto wa bara wasiowazoea kuwakimbia. Sungura na kuku wachache katika ua wa shule huweza kulishwa na watoto wenyewe, ijapokuwa hapana shule iliyopata kufuga sungura wa kutosha watoto mia nne kila siku, na afadhali wapangwe kwa madarasa ya wadogo tu.

Saa nayo yafaa iangaliwe. Shule nyingi hutoa chakula saa sita na nusu au saa saba, wakati masomo magumu yamekwisha. Embu kilitolewa katikati ya asubuhi. Kikombe cha uji wa wimbi saa nne, kabla ya hesabu, humkuta mtoto wakati anapokihitaji, na githeri ikabaki kuwa ya mchana. Shule isiyo na uwezo wa kutoa vyote viwili ingefanya vyema kuanza na uji wa saa nne.